Hana Hela ya Sare Tu



Mpira wa pete una wachezaji 7, na sheria hairuhusu yeyote kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3. Lazima umpe mwenzio. Sisi tuliosoma sekondari huku Chala, mkoani Rukwa, tulikuwa washangiliaji wa timu ya shule: wasichana sita, ngoma moja na baridi ya Ufipa. UMISSETA ilipokaribia, mwenzetu mmoja akakosa pesa ya sare, akasema atabaki nyumbani. Na ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo! Tukakubaliana: sare tusivae sote. Kila mtu akachukua khanga kwao, rangi mbalimbali, tukajifunga na mitandio yetu, tukaingia uwanjani sita wale wale. Timu ilifungwa, lakini sauti zetu hazikukatika mpaka filimbi ya mwisho.

Leo tunashona magauni ya harusi; huyu anakata, huyu anadarizi, huyu anapiga pasi. Sare za kamati tunazishona pia. Kwa hiyo mpenzi, ukiona shoga yako anajitoa kimya kimya kwenye shughuli yako, usimnunie. Muulize kwanza, faraghani. Huenda hana hela ya sare tu.