Wapita Njia wa Nyasho

"Mjomba, huyo achana naye, ni mpita njia tu." Mpwa wangu alikuwa juu ya farasi ndani ya Red Dead Redemption 2, gemu ya mwaka 2018, nami namwomba asimame tuwatazame mafundi wanaojenga nyumba. Akawapita mbio. Hajui kwamba wale watu wana ratiba: wanapiga kazi, wanakula, usiku unawapeleka kulala, na ukirudi siku za mbele unakuta nyumba imepanda. Iliniuma, kwa sababu sisi wa mabanda ya gemu ya Nyasho, hapa Musoma, tulikuwa tunakililia kitu hicho hicho.

Mwenye banda letu alikuwa fundi redio. Asubuhi usingemwambia habari za gemu; alikuwa ameinamia saketi, miwani imeshuka puani, moshi wa risasi iliyoyeyuka umejaa banda zima. Mchana akishakula ugali wake ndipo anapangusa TV na kuchomeka PlayStation 2. Mlangoni aliweka beseni la maji na kipande cha sabuni, maana vijana waliotoka kusaidia kuanika dagaa walikuja na magamba vidoleni na pedi zikawa zinanuka. Asiyenawa hachezi. Ikikaribia saa mbili usiku anachomoa pedi hata kama uko katikati ya misheni, kwa kuwa wazee wameshaanza kuingia na viti vyao kusikiliza taarifa ya habari. Mtaa mzima ulijua saa kwa yule mzee.

Gemu yenyewe ilikuwa GTA: San Andreas. Nimeangalia tarehe: ilitoka Oktoba 2004. Kwetu ilifika baadaye kwa diski ya kurudufiwa, mwaka haujalishi. Tuliipenda mno, ila wapita njia wake walitutesa. Unamwona mtu anatembea, anaongea. Geuza kamera kisha irudishe, hayupo. Mashine ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu, kwa hiyo iliwaumba watu karibu na mchezaji na kuwafuta akishawapa kisogo. Mtoto wa Musoma angelikubalije hilo? Pale mwalo wa Mwigobero, uangalie usiangalie, mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na karabai zake wakati wa giza. Ikija mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na akina mama wa kuanika hawana kitu cha kuanika.

Wenzetu mbali walishaanza kuwapa wapita njia maisha yao. Gemu ya Shenmue ilitoka Japani Desemba 1999, miezi miwili tu baada ya sisi kutoka kumzika Mwalimu Nyerere Butiama. Wenye maduka wa Yokosuka waliomo humo wanafungua, wanafunga, wanarudi makwao. Na unaweza kuicheza katika hali ya hewa iliyorekodiwa kweli mjini humo mwaka 1986. Mwaka 2006 ikaja gemu ya Oblivion, iliyowapa wakazi wake zaidi ya elfu moja njaa, usingizi na nyumba za kurudi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: kompyuta za mikononi, intaneti, simu. Mabanda yakafungwa moja moja. Sasa vijana kuanzia Bunda hadi Butiama wameinamia Free Fire, watu 50 wanawindana kisiwani ambako hakuna hata muuza karanga. Nguvu ya mashine imeongezeka, na hamu ya kumtazama mtu asiye adui imepungua. Hilo linaniudhi kuliko picha mbaya za zamani.

Atakayetaka kuutengeneza mkoa wetu wa Mara ndani ya gemu na aanze na kalenda ya mwezi. Mbalamwezi ikikolea, Mwigobero ikose dagaa wabichi, bei ipande sokoni Nyasho, mama ntilie abadilishe mboga. Basi la kutoka Mwanza likisimama Bunda, wachuuzi wakimbilie madirishani. Likifika Makutano, abiria wa Butiama ashuke na mzigo wake na aendelee na safari hata kama mchezaji amebaki ndani ya basi.