Wevi wa Usiku na Nyumba Zetu

Mara mbili nimeombwa kuandika habari za ulinzi wa kijiji chetu, na mara mbili nimekawia. Naliwaambia walioniomba ya kuwa kazi ni nyingi, kwa kuwa ni wakati wa korosho. Kweli kazi ni nyingi, walakini si hiyo iliyonizuia. Basi leo nitaeleza mambo kwa taratibu yake, nanyi mnivumilie nikifika mahali panaponiaibisha.

Sisi twakaa juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Mimi mwenyewe ni mtu wa chini, wa Masasi penye vilima vya mawe, nami nalipanda huku kwa kazi ya ukatekista nikiwa kijana. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo, nyingine za matofali ya kuchoma, na karibu zote zimeezekwa bati. Jirani yangu wa upande wa mashariki ni mjane, naye analea wajukuu watatu. Mwezi wa Novemba alikuwa na magunia mawili ya korosho, amekwisha kuzianika na kuzichambua, anangoja tu siku ya kuzipeleka kwenye chama cha msingi. Alizitia katika chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa kufuli jipya alilolinunua Masasi, na ufunguo akaufunga katika pindo la kanga yake.

Usiku ule mvua ilinyesha. Kila mtu ajua jinsi mvua inavyolia juu ya bati. Hata mtu akikuita kando ya kitanda humsikii. Asubuhi tulisikia sauti ya yule mama, tukakimbilia kwake. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa vilevile, na kufuli liko mahali pake, halina hata mkwaruzo. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu ambalo mbuzi angepita bila kuinama. Wevi walikuwa wameulowanisha udongo kwa maji, ukalainika, wakauchimba polepole kwa mtaimbo ambao jirani mwingine aliuacha nje ya nyumba yake. Yule mama hakulia tena. Alifungua pindo la kanga, akanionyesha, akasema, "Mwalimu, ufunguo ninao."

Siku ileile mwenyekiti wa kitongoji alituita chini ya mwembe. Maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema kila mtu atie nondo madirishani; mwingine akamjibu ya kuwa nondo hazizuii kitu ikiwa ukuta ni udongo. Mwingine alitaka tuchange fedha tumwite mganga wa ng'ambo aje kuzindika kijiji. Nalikataa kwa nguvu, na wengi wakanyamaza, lakini niliona ya kuwa baadhi ya Wakristo wetu walitazama chini, nami nikajua kwamba kama nisingalikuwapo wangalichanga.

Ndipo akasimama mzee mmoja, Mmakonde wa asili, akatukumbusha habari za zamani. Alisema ya kuwa babu zao hawakuwa na kufuli, wala ukuta wa mawe. Walikaa ndani ya vichaka vizito vya uwanda huu, na njia za kuingia zilikuwa nyembamba na za kupindapinda, na mgeni asiyeonyeshwa hupotea au hukutwa. Kwa hiyo wavamizi na wakamata watumwa walipata taabu sana kuwafikia. "Kichaka kilitusaidia," alisema, "lakini aliyeijua njia ni mtu, na mtu huyo asingeiuza njia kwa mgeni."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa sisi wa Masasi tunayo habari yetu. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji na kulima. Kilikuwa kijiji kizuri, mahali pa wazi, chini ya vilima. Hata Septemba 1882 Magwangwara wakakivamia, wakachoma nyumba, wakawachukua watu mateka, na wengine wakaokoka kwa kukimbia. Baada ya hayo misheni ikahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao. Na mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni ya Masasi ikachomwa tena. Nalisikia habari hizo tangu utoto, na siku zote naliwaza juu ya adui atokaye mbali, mwenye mkuki na ngao. Sikuwaza kabisa juu ya mtu ajuaye mahali mtaimbo ulipo.

Basi tukakubaliana kuweka ulinzi wa zamu, ambao watu huuita sungusungu. Jina hilo lilitoka Usukumani na Unyamwezini, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji walijikusanya kupambana na wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi. Na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, ikawatambua. Mtendaji wa kijiji alituonya mapema: mlinzi wa kijiji aweza kumkamata mtu na kumpeleka panapohusika, lakini si hakimu, wala hana ruhusa ya kumpiga. Alilirudia neno hilo mara tatu. Sote twajua sababu. Katika miji na vijiji vingi vya nchi yetu watu wamepigwa hata kufa kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele "mwizi", na wengine wao hawakuwa na hatia yo yote.

Kazi ya kuandika zamu nilipewa mimi. Nalikaa mezani kwangu usiku ule, chini ya taa yangu ya sola, nikapanga majina katika daftari: watu sita kila usiku, tangu saa nne hata saa kumi na moja alfajiri, kila kundi na filimbi moja na tochi mbili. Mwalimu akikosa zamu atozwe kama mtu mwingine. Nalifurahi sana kwa kazi hiyo, ndugu zangu, na nilijiona mtu mwema.

Yapo mambo madogo tuliyojifunza katika zamu hizo, nami nawapa kwa kuwa yanafaa kila nyumba. Majani yaliyo nyuma ya nyumba ni rafiki wa mwivi. Fyekeni nyuma kabla ya kufagia mbele. Msiache nje jembe, mtaimbo wala ngazi, kwa kuwa mwivi hapendi kusafiri na vyombo vyake. Korosho zilale chumba ulalacho, hata kama harufu yake hukupendezi. Na msiseme sokoni, wala kwenye simu mbele za watu, ni magunia mangapi mnayo, wala ni siku gani fedha za mnada zitaingia benki. Mbwa ni mlinzi mzuri, ila mbwa wetu wengi huwajua vijana wa kijiji kuliko sisi tunavyowajua.

Na hapo ndipo penye shida. Tulipokuwa tukizunguka usiku, tulizungumza sana tukiulizana: magunia mawili ya mjane yalikwenda wapi? Gunia moja la korosho ni kama kilo 80. Si kitu cha kufichwa mfukoni. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, korosho hupelekwa chama cha msingi, zikapimwa, zikaandikwa kwa jina la mkulima, kisha zikaenda ghala kuu na kuuzwa mnadani. Kwetu Newala ni chini ya TANECU, na kule Masasi ni MAMCU. Kijana asiye na shamba akifika na magunia mawili ataulizwa. Lakini akienda kwa mnunuzi wa kangomba, haulizwi. Huyu hupima kwa chombo chake, hutoa fedha taslimu usiku uleule, kwa bei ndogo. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, iliwasaka sana watu wa kangomba. Wengi walisema ya kuwa watu hao huwaibia wakulima wenye njaa kwa bei, ni kweli. Wachache walisema ya kuwa ndio wanaofanya wizi uwe na faida. Hilo nalo ni kweli, nami nalilisema kwa sauti kubwa usiku mmoja, tukiwa tumeota moto, na wenzangu wakaitikia, "Ndivyo, Mwalimu."

Wiki ya tatu, zamu yangu, saa nane ya usiku, filimbi ikalia upande wa shule. Tulikimbia, tukakuta wenzetu wamemshika kijana na betri ya sola ya duka la jirani, ingali na waya zake. Nilipommulika nalimtambua mara moja. Nalimfundisha mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita, kabla hajawekewa mikono na Askofu. Alikuwa hodari wa kujibu maswali. Watu walikuwa wanatoka majumbani na fimbo. Mmoja alikwisha kumpiga kofi, na mwingine aliita mafuta ya taa yaletwe. Nalisimama kati yao na yule kijana, nikawaambia maneno ya mtendaji, na ya kuwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, hata Torati huweka mpaka katika kumpiga mwivi. Sijui kama walinisikia kwa sababu ya Torati au kwa sababu nalikuwa nimeshika daftari. Wakatulia kidogo.

Ndipo mzee mmoja akamwuliza kijana, "Vile vingine ulivyoiba uliviuza wapi?"

Kijana hakujibu. Akaulizwa mara ya pili. Aliinua macho akanitazama, bila ubaya wo wote, kama mwanafunzi atazamavyo mwalimu akitaka kujua kama ajibu au asijibu. Kisha akasema, "Sola moja iko juu ya nyumba ya Mwalimu."

Ndugu zangu, sikuweza kusema ya kuwa ni uongo. Mwezi wa Juni kijana yule alinijia jioni, akaniuzia kioo cha sola kwa bei ambayo haifiki hata robo ya bei ya dukani. Alisema ni cha mjomba wake aliyehamia Lindi. Nalimwamini, au tuseme nalipenda kumwamini. Watoto wangu walikuwa wanasoma kwa kibatari, na moshi uliwaumiza macho. Sheria yetu ina neno kwa mtu apokeaye mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua. Nalikuwa na sababu. Pembeni mwa fremu kulikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa msumari, nazo hazikuwa herufi za jina la mjomba aliyetajwa.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyesema neno. Mzee yule wa vichaka alichukua fimbo iliyokuwa mkononi mwa jirani yake, akaiweka chini, na wengine wakafanya vilevile. Nadhani kijana aliokoka kwa ajili hiyo zaidi kuliko kwa maneno yangu, kwa kuwa watu waliona haya kumpiga yeye na kuniacha mimi. Tulikwenda naye kwa mtendaji mpaka kulipopambazuka, na kutoka hapo kituo cha polisi, nami nikatoa maelezo yangu kama mtu aliyenunua. Mambo yake yangali mbele ya sheria, kwa hiyo sitayaandika.

Siku ya tatu nalipanda juu ya bati, nikafungua kioo kile, nikakifunga kwa kanga nyuma ya pikipiki, nikashuka uwandani kwenda kwa mwenyewe, fundi wa baiskeli katika kijiji kimoja cha njia ya Masasi. Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya herufi zake.

"Hukuziona hizi?" akaniuliza.

"Naliziona," nikajibu.

Alinipa maji ya kunywa. Hakuniuliza jambo jingine, wala hakuniambia ya kuwa amenisamehe, nami sikudai. Nilipokwisha kunywa alirudi kwenye baiskeli aliyokuwa akiitengeneza.

Padre wetu nalimweleza yote, akanipumzisha kufundisha kwa miezi mitatu. Darasa langu lina mwalimu mwingine sasa, na watoto wananiuliza mbona sola haipo; nimewaambia sababu yake, kwa kuwa wangaliisikia kisimani. Daftari la zamu nalitaka kulirudisha kwa mwenyekiti, akakataa. Alisema, "Wewe endelea kuandika, Mwalimu. Sasa watu watakuogopa kidogo na wewe utawaogopa kidogo."

Korosho za mjane hazikuonekana. Chama kilimruhusu kulipa deni lake la salfa msimu ujao, na sisi majirani tulimziba ukuta. Tulikanda udongo, tukausindilia, tukapiga lipu. Yeye huleta chai kwa watu wa zamu saa saba ya usiku, katika birika kubwa, naye hupita upande wa nyuma ya nyumba yake makusudi, akimulika pale penye kiraka. Udongo ule haujapata bado rangi ya ukuta.