Yaya Kutoka Soin

Ukitoka mjini Kericho kwa barabara ya Kisumu, ndugu msomaji, safari huanza kwa baridi na mashamba ya majani chai. Ukifika Kipsitet, joto limekupokea na mashamba sasa ni ya miwa. Hapo u Soin. Kwa Kikipsigis, jina lenyewe ni nchi ya bondeni, kwenye joto.

Binti anayemwangalia mtoto huku huitwa cheplakwet. Kwa desturi alikuwa dada au jamaa, na mama hakuwa mbali. Mtoto akilia sana, huitwa shambani. Mzazi wa Nairobi anayekuja kutafuta yaya huusifu upole wa binti, akamsahau mama huyo aliyekuwa karibu.

Basi zungumza na wazazi wake kwanza. Hakikisha ametimiza miaka 18 na hajakatizwa masomo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 kwa mwaka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mtoto si shamba: kaeni pamoja walau wiki nzima kabla hujawaachia nyumba.