Fikasi Yetu Yahamia Kabale

Mtumishi wa serikali haulizwi kama apenda kuhama. Barua ya uhamisho ilipotufikia Entebbe, tulipakia vyombo katika lori, na mke wangu akapakata chungu cha fikasi, mti wa pambo uliosimama miaka minne karibu na dirisha letu, ukielekea ziwa. Asili yake ni Asia, lakini ni wa jamii moja na mutuba, mti ambao Waganda huambua gome lake wakalitwanga hata likawa nguo.

Tulivuka Ikweta pale Kayabwe, tukapita Masaka na Mbarara, na jioni tukaanza kupanda milima ya Kigezi. Mji wa Kabale uko kiasi cha meta 2,000 juu ya bahari. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, na baridi huingia hata sebuleni.

Hazikupita wiki mbili, majani yakaanza kupukutika. Kwa huruma, mke wangu akaumwagilia mti asubuhi na jioni. Majani yakazidi kuanguka, na udongo ukanuka uozo. Nilipokuwa nikiutoa nje kuutupa, jirani yetu, mke wa sajini wa polisi aliyekwisha kuhamishwa vituo vitano, alinizuia.

"Ngoja kwanza, baba." Akakwaruza tawi kwa ukucha, chini ya gome palikuwa kijani. "Haujafa. Umeona ugeni, nanyi mnauzamisha kwa maji."

Akatufundisha. Fikasi ikibadilishiwa mahali hupukutisha majani, na mti wenye majani machache hunywa maji kidogo. Basi ingiza kidole katika udongo. Ukiwa bado na unyevu, usimwagilie. Mahali pa baridi udongo hukawia kukauka. Chungu kiwe na tundu chini. Kiweke penye mwanga mwingi, mbali na upepo wa mlangoni, kisha usikihamishe tena. Pangusa vumbi la majani kwa kitambaa kibichi, na watoto wasiuguse utomvu wake mweupe, kwani huwasha.

Tulitii. Mwezi wa pili machipukizi yalitokeza. Aliyeyaona kwanza ni mwanetu mdogo, ambaye tangu tufike alikuwa akishinda ndani, hataki kucheza na mtu. Siku hiyo alitoka mbio kwenda kuwaita watoto wa sajini waje kutazama.

Enyi wenzetu wa kambini na vituoni, mnaohamishwa kila mara: msiutupe mti kwa sababu umepukutisha majani. Upeni mwanga, na muupe muda wa kuzoea.