Nani Atakayekesha?

Katika jando la zamani kazi ya ngariba ilikuwa fupi. Alikuja alfajiri, akakata, akapokea haki yake, akenda zake. Aliyebaki ni kungwi. Yeye ndiye aliyelala kumbini na wari, akawaosha, akawafukuzia nzi, akawatuliza usiku maumivu yalipozidi, mpaka vidonda vikakauka na watoto wakarejea kwa mama zao. Kisu kilichukua dakika; uuguzi ulichukua wiki.

Mzazi naye hupewa arubaini yake. Hakandwi na daktari aliyemzalisha, bali na mama, shangazi, au bibi wa jirani anayejua kiasi cha moto wa maji. Kwa hivyo watu wa pwani wana elimu kubwa ya kuuguza mwili uliojeruhiwa, na elimu hiyo karibu yote imewekwa mikononi mwa jamaa. Hapo ndipo penye tabu ya mtu ambaye jamaa zake hawataki hata kusikia kwamba amepasuliwa.

Mtu huyo ni yule aliyezaliwa akaitwa mwanamume, ilhali nafsi yake ni ya kike, au kinyume chake, akaenda kupasuliwa ili mwili uafikiane na nafsi. Wengi duniani huufuata upasuaji huo Bangkok; barani Afrika umefanywa Cape Town, katika hospitali ya Groote Schuur. Tuseme amerudi Unguja, ameshuka uwanja wa ndege, naye amepanga chumba Mbweni, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Akiwa amepasuliwa kifua, kwa wiki kadhaa hawezi kuinua mikono juu ya mabega: ndoo ya maji haibebi, nguo ya kuvalia kichwani haivai peke yake. Akiwa amepasuliwa chini ili awe mwanamke, siku za mwanzo mkojo hupita katika mrija, kukaa ni adhabu, na kwa miezi mingi hana budi kupapanua mahali palipotengenezwa, kila siku na zaidi ya mara moja, pasije pakaziba. Hayo hayafanyiki katika chumba cha watu wanne kilichogawanywa kwa pazia. Yataka mlango wenye komeo, maji safi, na jicho la mtu mwengine la kuona kidonda kikianza kutoa usaha kabla mwenyewe hajapandwa na homa.

Pwani, mtu haachwi akaugua peke yake. Khabari hufika msikitini, mchango hupitishwa nyumba kwa nyumba, na siku hizi kwa simu. Lakini mchango una suala lake la kwanza: anaumwa nini? Figo hujibika. Moyo hujibika. Huyu akisema ana uvimbe, atakula fedha za uongo, na kila anayekuja kumpa pole atamwongezea deni la uongo huo. Akisema kweli, yamkini atakosa fedha na chumba pamoja. Si haki kumlaumu anayechagua uvimbe.

Woga wake hautoki hewani. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuzidisha adhabu za mapenzi ya jinsia moja. Sheria ile ilihusu mapenzi, si kisu cha daktari. Lakini mtaani hapana anayefungua kitabu cha sheria kabla ya kusema. Neno linalotupwa ni moja, shoga, na ajabu ni kwamba neno hilo hilo, baina ya wanawake wa visiwani, ni jina la rafiki wa ndani kabisa: yule anayekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa na kufunga mdomo wake.

Wanazuoni wamekuwa na subira kuliko mtaa. Vitabu vya fiqhi tangu kale vinamjadili huntha, asimame wapi katika safu za sala na arithi nini. Mwaka 1988, huko Cairo, mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar alipopasuliwa na kuitwa Sally, Mufti Muhammad Sayyid Tantawi alijibu kwamba upasuaji wafaa pale daktari mwaminifu anapouona kuwa ni tiba, wala haufai kwa matamanio matupu. Iran, katika miaka hiyo ya 1980, Maryam Khatoon Molkara alimwendea Khomeini mwenyewe na kurudi na ruhusa. Fatwa zote mbili, hata hivyo, zinamhusu ngariba. Siku arubaini za baadaye hazikuulizwa.

Kenya mambo yalikwenda mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru chama cha Transgender Education and Advocacy kisajiliwe, na mwaka huo huo Audrey Mbugua akashinda kesi ya kubadilishiwa jina katika cheti chake cha mtihani. Huenda msomaji akaona hizo ni karatasi tu. Lakini chama chenye karatasi huchangisha mchana, kwa jina lake, wala hakilazimiki kusema uvimbe.

Unguja karatasi hizo hazipo, na Mbweni ina historia nyengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Misheni ya Vyuo Vikuu ilinunua shamba hapo kuwaweka watumwa waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Caroline Thackeray, aliyewasili mwaka 1877, alisomesha wasichana wao katika skuli ambayo magofu yake yangali ufukweni. Wanakijiji wale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua. Hapana aliyekuja na mama wala shangazi. Hata hivyo walizaa, walikatwa na majembe, waliugua. Maji ya mzazi lazima yalichemshwa na mtu, na mtu huyo hakuwa damu yake. Pengine alishushwa kutoka jahazi jengine, na Kiswahili cha kujifunza ndicho pekee kilichowakutanisha. Watumwa wa bwana mmoja waliitana wajoli. Hawa hawakuwa na bwana tena, na uuguzi ukabaki.

Wanaohitajika katika chumba kile cha kupanga si wengi: mmoja wa maji, mmoja wa uji, mmoja wa kukaa macho usiku, na mmoja wa kusimama mlangoni sheha akipita kuuliza, amwambie mgonjwa amelala.