Kosa Lilihama

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipoanza kazi kwenye chumba cha seva cha benki moja jijini Dar es Salaam, kila seva ilikuwa na diski zake. Ziliunganishwa kwa kebo nene ya SCSI yenye pini 68, ambayo hata katika aina zake za mwisho haikutakiwa kuzidi mita 12, na ilibeba vifaa 16 tu, kadi ya seva yenyewe ikihesabiwa humo. Mwisho wa kebo lazima pawe na kizibo tulichokiita tamineta. Kikilegea, diski zinapotea na kurudi zinavyotaka. Ukiambiwa seva haioni diski, ulijua pa kupeleka mkono: kizibo, pini iliyopinda, au vifaa viwili vilivyopewa namba moja. Kosa lilikaa palepale ulipo.

Kilichotukera kilikuwa kingine. Seva ya barua pepe ilijaa hadi ikagoma kupokea, huku jirani yake, hatua mbili tu kutoka hapo, akikalia nafasi tupu ambayo hakuna namna ya kumwazima mwenzake. Ndipo ukaja mtandao wa hifadhi, SAN kama mafundi wanavyouita: diski zote zinakaa kabati moja, swichi katikati, na kila seva inakatiwa fungu lake. Tulianza na Faiba Chaneli ya gigabiti 2 kwa sekunde, kwa nyuzi za rangi ya chungwa ambazo ukizikunja kupita kiasi mwanga unavuja.

Pamoja na raha hiyo, ukaja usiku ambao kadi ya seva moja iliungua. Fundi akaweka mpya ya aina ileile, taa zikawaka kijani, na seva haikuona diski hata moja. Tukachomoa, tukachomeka, tukabadilisha uzi. Bure. Kumbe kila kadi inatoka kiwandani na jina lake, tarakimu 16 zilizochanganyika na herufi, na swichi haimpitishi mtu ambaye jina lake halimo kwenye zoni, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuonana. Hata ukipita kwenye swichi, kabati la diski nalo lina orodha yake ya wanaoruhusiwa. Kadi mpya ni mgeni kwenye milango yote miwili. Kosa lilikuwa limehamia kwenye orodha, na sisi tulikuwa bado tunalitafuta kwa vidole. Tangu hapo nimekuwa mkali juu ya majina: zoni moja kwa kadi moja ya seva, na jina la zoni lisomeke na mtu aliyeamshwa saa nane za usiku.

Kupanga, hata hivyo, ndiko kulikonifunza zaidi, na sehemu kubwa ya kupanga ilikuwa kubishana na idara ya manunuzi. Namkumbuka mama aliyeisimamia, mtu wa hesabu, asiyetishwa na maneno ya kompyuta.

“Mwanangu, data yenu ni gigabaiti 500,” aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. “Diski moja ni gigabaiti 146. Hapo ni nne, au tano ukitaka akiba. Umeandika arobaini. Za nini?”

Nikamweleza kwamba nafasi haikuwa shida. Diski inayozunguka mara 15,000 kwa dakika inamudu kama shughuli 180 kwa sekunde, basi. Sindano yake lazima isafiri hadi mahali data ilipo na kusubiri sahani izunguke. Hifadhidata yetu ilihitaji kuandika mara 1,800 kwa sekunde saa za msongamano. Tena tulitumia RAID 5, ambayo humlinda mtu diski moja ikifa, lakini kwa kila uandishi mdogo hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi, kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. Yeye akavuta kikokotoo chake. 1,800 mara nne, 7,200. Gawanya kwa 180. Akakitazama kioo kidogo kwa muda.

“Basi liandike hivihivi kwenye maombi,” alisema, “maana na mimi nitaulizwa.”

Ukurasa ule ulikuwa mpango mzuri kuliko michoro mingi ya rangi niliyoletewa baadaye na washauri. Anayeulizia gigabaiti peke yake bado hajaanza kupanga.

Halafu kuna habari ya njia mbili, ambayo kila muuzaji anaiimba. Kila seva kadi mbili, swichi mbili zisizounganishwa, vidhibiti viwili kwenye kabati la diski. Njia moja ikifa, nyingine inaendelea. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukatubana, niliitwa kusaidia ofisi moja iliyokuwa na vyote hivyo na bado ikazimika yote kwa mpigo. Swichi zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye UPS moja, na betri zake zilikuwa zimechoka kwa kubeba mzigo mara kadhaa kwa siku. Mchoro ulionyesha nyuzi za mwanga kwa umaridadi mkubwa; waya wa umeme hakuna aliyeuchora. Siku hizi nikikabidhiwa mtandao nauvuta waya mmoja mchana kweupe, wenye mali wakiwa wamesimama hapo. Wengi hukataa, na kukataa kwao kunanitosha kuwa jibu.

Swichi za gigabiti 8 zilipokuja, kosa likahamia kwenye mwanga wenyewe. Uzi ule wa chungwa uliopeleka gigabiti 2 hadi mita 300 unamudu gigabiti 8 kwa mita 50 tu, na baadhi ya nyuzi zetu zilipanda kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Taa zilikuwa kijani tena (sijui kwa nini watu wanaziamini taa hizi), lakini kaunta ya fremu, yaani vifurushi vya data, zilizoharibika ilikuwa inapanda. Hapo tukajifunza utaratibu mpya: futa kaunta zote, subiri, kisha usome upande upi unaongezeka. Mara nyingine ilikuwa vumbi. Kiini cha uzi ni maikromita 50, na punje moja ya vumbi la kiangazi inatosha kukiziba nusu.

M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na pesa za simu zilipoanza kuingia na kutoka kwenye akaunti za benki tukapoteza usiku. Zamani tulikuwa na muda wetu wa kuzima na kurekebisha, matawi yakiwa yamefungwa. Sasa mtu anatuma nauli saa tisa usiku na anataka jibu papo hapo. Miamala midogomidogo isiyokoma ikafichua tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria: seva iliyoumia haikuwa yenye kosa. Katika Faiba Chaneli, anayetuma lazima awe na kibali kutoka kwa anayepokea, fremu moja kibali kimoja. Seva moja kongwe ya ripoti, isiyo na haraka ya kupokea, ilichelewa kurudisha vibali, na fremu zake zikajaa kwenye kiungo kati ya swichi, kama daladala linaloshusha abiria katikati ya Morogoro Road. Waliolalamika ni wa hifadhidata, waliokuwa nyuma. Tuliichunguza hifadhidata wiki nzima.

Diski za flashi zilipoenea, hesabu ya mama yule ikakosa kazi. Kifaa kimoja kinafanya makumi ya maelfu ya shughuli kwa sekunde, na vijana ninaofanya nao kazi sasa hawajawahi kugawa chochote kwa 180. Tangu viwango vya kupitisha NVMe, lugha ya diski za flashi, kwenye mitandao vitolewe mwaka 2016, hata lugha ya SCSI, iliyobaki baada ya kebo zake kuondoka, inaachwa taratibu. Sina majonzi nayo.

Ila wiki chache zilizopita tulikuwa tunapanga kituo cha pili upande wa Kibaha, nyuzi za kilomita 40, kila muamala uandikwe pande zote mbili kabla ya kuthibitishwa. Mwanga ndani ya kioo hutumia maikrosekunde 5 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni 400, na uandishi wa kawaida wa SCSI unasafiri mara mbili, kwanza kuomba ruhusa ya kutuma, kisha kutuma: 800. Diski ya zamani ilikuwa inachukua maikrosekunde elfu kadhaa, hivyo safari hii isingeonekana. Flashi inajibu kwa mia moja au mbili. Kiongozi mmoja akapendekeza tununue diski za kasi zaidi. Binti mmoja wa timu yetu akamwambia, kwa heshima zote, kwamba bosi, hata diski ikijibu kwa sifuri, Kibaha haisogei. Tukarudi kuuliza miamala ipi kweli inahitaji kusubiri upande wa pili, na ipi inaweza kufuata baadaye. Swali hilo bado lipo mezani kwa watu wa mikopo.