Hadithi za Mazimwi na Imani ya Mama

Wazazi wenzangu, mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba hadithi za mazimwi ni uongo mtupu, wala hazimfai mtoto wa Kikristu. Mimi huwasimulia wanangu hadithi hizo karibu na moto, nami nina sababu yangu.

Palikuwa na Mwingereza mmoja, J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Mwaka 1900 mama yake, Mabel, aliingia Kanisa Katoliki. Jamaa zake wakachukia, wakamnyima msaada wa fedha. Lakini yeye hakurudi nyuma. Alikufa kwa ugonjwa wa kisukari mwaka 1904, akawaacha wanawe wawili mikononi mwa Padre Francis Morgan wa Birmingham. Padre huyo aliwatunza kama baba, nao walikuwa wakimtumikia Misa. Tolkien alimhesabu mama yake kuwa shahidi wa imani.

Alipokuwa mtu mzima alifundisha Chuo Kikuu cha Oxford, akatunga hadithi ndefu, The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954 na 1955. Ndani yake humkuti padre wala kanisa. Mna pete yenye uwezo mwovu, na kijitu kidogo kinachopewa kazi ya kwenda kuiharibu. Mwishoni nguvu zake zinamwishia. Pete yaangamia kwa kuwa hapo nyuma alimhurumia adui yake, asimwue. Na siku ya kuangamia kwake ni tarehe 25 Machi, ndiyo sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari! Mwaka 1953 Tolkien mwenyewe alimwandikia rafiki yake kwamba kitabu hicho ni cha Kikatoliki.

Imani hiyo aliipata wapi? Kwa mama asiyemwachia mali nyingi. Alimwona akishika dini kwa hasara, na jambo hilo likaota mizizi hata katika ndoto zake.

Basi, tusizifukuze hadithi za wazee wetu, wala tusibandike mahubiri mwishoni mwa kila moja. Tusali Rozari pamoja, kisha tusimulie. Mtoto aonaye imani kwa wazazi wake atalitambua zimwi mwenyewe, tena atajua hushindwa kwa nini.